Heshima ya Kiti

Ukifika kwa watu huku Kona Baridi na mvi zako, hodi haitaisha mdomoni kabla hujaletewa kiti. Kama viti vimekwisha, mmoja wa walioketi atainuka akupe chake, au mtoto atatumwa kwa jirani. "Keti, mzee, pumzika," utaambiwa, hata kama umeteremka kwenye matatu sasa hivi na huna uchovu wowote. Ukitaka maji, yatakujia. Fimbo ikikuponyoka, itaokotwa kabla hujainama. Na mjukuu akikukuta umechutama ukipalilia sukuma wiki, atakupokonya kijembe, uso umemshuka: wapita njia watasema nini wakimwona mzee shambani ilhali vijana wapo?

Nimelelewa katika adabu hiyo, na wazee wangu niliwatendea vivyo hivyo. Sasa kwa kuwa natendewa mimi, naona kitu ambacho kijana aliyebeba kiti hawezi kukiona. Kila kiti ninacholetewa kinanipunguzia safari moja ya kwenda chini na kurudi juu. Kila fimbo iliyookotwa na mwingine ni kuinama kumoja nilikonyimwa. Jumlisha safari hizo kwa mwaka mzima, kisha kwa miaka kumi, utapata mtu aliyetenganishwa na sakafu kwa upendo mtupu. Miguu yake imestaafishwa na jamaa zake mwenyewe. Halafu siku ya kuanguka inapofika, anajikuta amelala mahali ambapo mgongo wake haujapagusa tangu alipokuwa akicheza na wanawe wadogo, na hakumbuki mlango wa kutokea uko upande gani.

Kona Baridi ni pale barabara ya Magadi inapomaliza kupanda kutoka Kiserian, kusini mwa vilima vya Ngong, kabla haijaanza kuteremka kwenye Bonde la Ufa kuelekea Olorgesailie na Magadi. Upepo wa huku hauna utani. Juu ya vilima hivyo hivyo, upande wa Ngong, KenGen inazalisha umeme kwa upepo huo, na mitambo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993. Usiku wa Julai saruji ya sakafuni huuma nyayo. Nalitaja hilo mapema kwa sababu litahitajika mbele.

Wanaoishi hapa, na kote Kajiado hadi Isinya na Kitengela, ni Wamaasai waliorithi ardhi kwa mababu zao, na sisi tuliokuja na hati ya ploti. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti hii ina watu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa umevuka 150,000. Wengi wetu tuliletwa na kiinua mgongo. Mtumishi wa serikali anastaafu akitimiza miaka 60, anaiaga Nairobi, anajenga nyumba aliyoiota miaka yote ya kulipa kodi ya watu: ukuta mrefu, geti la chuma, mlango wenye grili, na chini vigae vinavyong'aa hadi unajiona uso. Watoto wako mjini, au Doha, au Minnesota. Baada ya miaka kadhaa mke au mume naye ametangulia. Nyumba ina kila kitu isipokuwa mtu wa kusikia kishindo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kati ya vifo vya ajali, ni barabara tu inayoua kuliko hapo. Lakini hesabu iliyonifanya niweke gazeti chini haihusu waliokufa wala waliovunjika. Mwaka 1993 daktari Mary Tinetti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wazee 313 walioanguka bila kuumia. Nyonga zao zilikuwa nzima, vichwa vyao vizima. Na bado 148 kati yao, karibu nusu, waliwahi kushindwa kuinuka bila msaada.

Miaka kumi na mitano baadaye, Jane Fleming na Carol Brayne wa Cambridge, Uingereza, waliandika kuhusu watu 110 waliovuka miaka 90, ambao walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kati ya walioanguka, wanne kwa kila watano walishindwa kuinuka angalau mara moja, na watatu kwa kila kumi walilala sakafuni saa nzima au zaidi. Wengi wa waliokuwa na kengele ya kuitia msaada hawakuibonyeza. Nadhani naelewa. Mtu huona atajaribu tena kidogo kabla ya kuwasumbua watu, na hiyo "kidogo" ndiyo saa yenyewe.

Saa nzima ni ndefu kwa mwili uliolala juu ya kitu kigumu. Msuli uliokandamizwa huanza kuvunjika na taka zake kuzielemea figo. Ngozi iliyobanwa baina ya mfupa na kigae hukosa damu. Kiu inakuja, mkojo unatoka, nguo inalowa. Hapo ndipo saruji ya Julai inapoingia katika hesabu. Mtu aliyeanguka saa nane za usiku akienda chooni, hana jeraha lolote, anaweza kukutwa asubuhi akiwa mahututi kwa baridi. Kuanguka kulimwacha mzima. Alichokosa ni njia ya kurudi kitandani.

Kwa nini mtu ambaye hakuumia ashindwe kuinuka? Nguvu zimepungua, hilo halina ubishi. Baada ya umri wa miaka 30 hivi misuli huanza kupungua kidogo kidogo, na nyuzi zinazotangulia kwenda ni zile za kujisukuma kwa ghafla. Magoti yana yabisi, uzito umeongezeka. Lakini nimewatazama watu wa rika langu wakijaribu, nami naamini sehemu kubwa ya tatizo ni kusahau njia. Mzee akiwa chali anafanya alichokifanya akiwa na miaka 20: anakaza tumbo ili aketi wima kwa mkupuo mmoja. Mwili unakataa. Anarudia, safari hii kwa hasira. Akirudia tena pumzi imekatika, hofu imeingia, na mwenye hofu hatafuti njia ya pili. Njia ya pili ipo, inapitia ubavuni, na mtoto anayejifunza kutambaa anaijua.

Kuna watu ambao hawakuisahau kamwe. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, walivalishwa vipimo vya mwendo na watafiti walioongozwa na David Raichlen, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Ungetarajia kusikia kwamba wawindaji na wachimba mizizi hawapumziki. Wanapumzika sana, karibu saa kumi kwa siku, muda ambao karani wa mjini hawezi kuwacheka. Tofauti iko katika namna ya kupumzika. Sehemu nzuri ya muda huo wamechutama au wamepiga magoti, na misuli ya mapaja inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo huku mwenyewe akipiga soga. Kiti ndicho kinachoilaza misuli hiyo usingizi kabisa.

Teremka kutoka Kona Baridi kwa gari na kabla saa haijaisha utakuwa Olorgesailie, mahali ambapo Mary na Louis Leakey walianza kuchimbua miaka ya 1940, na ambapo mashoka ya mawe bado yametapakaa ardhini kando ya njia za mbao za wageni. Walioyachonga, mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, hawakuwa na stuli. Kila ninapokwenda najikuta nikijiuliza swali ambalo waongoza wageni hawalipendi: walikuwa wakiinukaje walipofika umri wangu, kama yupo aliyefika?

Sina haja ya kwenda mbali hivyo. Nyumba ya asili ya Kimaasai, ambayo hujengwa na wanawake, ina mlango wa kuinamia, moto uko chini, na anayepika yuko chini pamoja nao. Jirani yangu mmoja, koko, yaani bibi, mwenye wajukuu walioota ndevu, huinuka kutoka ardhini kwa namna ambayo naweza kuitazama mchana kutwa. Anaegemea ubavu, anakusanya mguu mmoja, kiganja kinatua juu ya goti, na yuko juu, shuka haijahama begani. Wanawe wamemjengea nyumba ya mabati na kumwekea sofa seti yenye vitambaa vya kufuma. Anaisifu mbele ya kila mgeni. Kisha anaketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye sofa hiyo hiyo.

"Koko, si uketi juu?" wajukuu humwambia.

"Huko juu wekeni wageni."

Sitaki kudanganya kwamba maisha ya chini ni pepo. Migongo ya wanawake hao imebeba maji na kuni zisizo na hesabu, choo cha kuchutamia kimeangusha wazee wengi, na goti lenye yabisi haliponi kwa kusifiwa mila. Simwambii mtu auze sofa yake. (Ingawa sofa ile ya kukuzamisha hadi kiunoni, kwa maoni yangu, ni adui wa pili baada ya vigae.) Ninachokiona kwa koko ni kwamba hana siku ya mazoezi. Siku zake zote zinapita sakafuni, na hakuna aliyefanikiwa kumtoa huko kwa heshima.

Muislamu anayetimiza sala tano naye ana mkataba wa namna hiyo na ardhi. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, kila moja na sijida zake mbili, na kila moja ikiisha sharti mtu ainuke, ama aendelee ama aende zake. Ni ibada, na atakayeigeuza gimu amekosea mlango. Lakini magoti hayaulizi nia. Sheria ina huruma: asiyeweza kusimama asali ameketi, asiyeweza kuketi asali amelala ubavu. Siku hizi viti vimeongezeka pembeni mwa safu za misikiti mingi. Mzee mmoja wa Mombasa aliwahi kuniambia kwamba anaiogopa ruhusa hiyo kuliko maumivu ya magoti, maana hajaona mtu aliyekichukua kiti akakirudisha.

Brazili, kushuka sakafuni na kuinuka wamekufanya mtihani. Claudio Gil Araújo, daktari wa Rio de Janeiro, anakupa alama 5 za kushuka hadi kuketi sakafuni na 5 za kuinuka, kisha anakata moja kila unapoegemea mkono au goti. Mwaka 2012 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80, na waliopata alama chache ndio waliokufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Mtihani huo umezunguka katika simu za watu hadi umekuwa ramli. Mtu anaujaribu mara moja sebuleni, anapata nne, anahuzunika, na harudi sakafuni tena, kana kwamba alama ndiyo inayoua. Alama inasimulia tu habari za moyo, uzito, misuli na viungo, na kati ya hivyo vipo vinavyorekebishika. Tena mkono unaokukatia alama Rio ndio utakaokuokoa Kitengela saa nane za usiku. Mimi sina haja ya kuinuka kwa madaha. Nataka kuinuka.

Namna ya kujifunza niliyoipenda kuliko zote hutumiwa na wataalamu wa fiziotherapia, nayo huanzia mwisho. Hakuna anayekwambia ulale chini ndipo tuone kama utaamka. Unaanza juu, umesimama mbele ya kiti kizito kilichoegemezwa ukutani, viganja viwili juu yake, unashusha goti moja nusu ya njia na kurudi. Ukishazoea, goti linafika hadi kwenye blanketi lililokunjwa sakafuni. Baadaye magoti yote mawili. Kisha kiganja kimoja kinaachia kiti na kushika sakafu, kinafuatwa na mwenzake, na sasa uko juu ya viganja na magoti. Kutoka hapo unashusha nyonga upande mmoja hadi uketi kiubavu, na unarudi. Kulala ubavu kunakuja baadaye sana, na kugeuka chali ndiko kunakofunga hesabu, pengine baada ya wiki nyingi. Hatua ikikataa, unabaki na ile iliyo juu yake mpaka iache kukataa. Ni hesabu ya msafiri anayetenga nauli ya kurudi kabla hajapanda matatu ya kwenda: hufiki kamwe mahali usipojua kutoka.

Kupanda ni njia hiyo hiyo kinyume chake. Ukiwa chali, kunja goti moja, vusha mkono wa upande huo juu ya kifua, kichwa kitangulie kugeuka, na mwili utafuata kwa uzito wake wenyewe. Ukishafika ubavuni, pumzika. Watu huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ni uvivu, na wanaoiruka ndio wanaokwama. Sukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu hadi uketi kiubavu, kisha ingia kwenye magoti. Tambaa, bila haraka, hadi kwenye kitu kizito: kitanda, kochi, stuli ya fundi. Viganja viwili juu yake. Leta mbele mguu wenye nguvu zaidi, wayo wote ukanyage sakafu, kifua kielekee mbele kupita goti, kisha mikono na mguu visukume pamoja. Zungusha makalio, keti.

Keti kweli. Usisimame kusherehekea. Damu huchelewa kupanda kichwani kwa mtu aliyetoka chini, na sisi tunaomeza vidonge vya presha tunalijua vizuri lile giza linalopita machoni. Anayesimama haraka anaweza kuanguka mara ya pili kabla hajasimulia ya kwanza.

Yapo magoti yasiyopigwa tena, na wenyewe wasikate tamaa. Anayeweza kuketi sakafuni anaweza kujisogeza kwa makalio, mgongo mbele, hadi kwenye ngazi ya mlangoni au kigoda kifupi kisichotikisika, ajiinue hapo, kisha kutoka hapo ajiinue hadi kiti cha kawaida. Aliyepasuliwa nyonga, ambaye mifupa yake imeshaonekana kuwa myepesi, au anayepatwa na kizunguzungu, aanzie kwa mtaalamu, asijifundishe peke yake. Wala kuinuka si kila kitu: mpango wa mazoezi ya nyumbani uliotungwa katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, wa kuimarisha miguu na mizani ya mwili, umepunguza kuanguka kwa takriban theluthi moja.

Neno juu ya kiti. Kilichoenea kuliko vyote Kajiado, kanisani, kwenye matanga, kwenye chama, kwenye kibanda cha chai, ni kiti cha plastiki. Mtoto anabeba vinne kwa safari moja, na wepesi huo ndio unaokiharibia sifa. Ukikiegemea ukiwa umepiga magoti juu ya vigae, kinakimbia. Ukikikandamiza upande mmoja, miguu inapanuka hadi inapasuka. Kama hakuna kingine, mgongo wake uguse ukuta, au mtu mzima akikalie wakati unajifunza. Na uvue soksi.

Kwa aliyeanguka kweli, kuinuka si jambo la kukimbilia. Avute pumzi, achezeshe vidole vya mikono na miguu, apapase kichwa. Nyonga ikiuma sana, na hasa mguu ukionekana umefupika na wayo umegeukia nje, huenda imevunjika, na hapo asijaribu kitu chochote isipokuwa kujifunika na kuita. Ndiyo maana simu ya kabambe inayokaa mfukoni usiku na mchana ina faida kuliko simu ya bei inayochajiwa juu ya kabati. Shuka moja iwekwe chini, mahali ambapo mkono wa aliyelala unafika. Kama msaada unachelewa, abadilishe upande anaoulalia, ajiburute hadi kwenye zulia au mkeka, aondoke kwenye unyevu. Yote hayo mtu anaweza kuyajaribu mchana, akiwa mzima, huku uji unapoa.

Hata mtu akizijua njia zote hizi, bado kuna aibu ya kuvuka. Mzee aliyelala sakafuni mchana, huku kwetu, ana maelezo matatu tu: amelewa, amezirai, au amekufa. Ukimwambia mjukuu kwamba babu anafanya mazoezi, atacheka, kisha atakudaka makwapani na kukusimamisha kabla hujafika ubavuni. Amekuumiza bega na amekunyang'anya somo, vyote kwa nia njema. Anayetaka kusaidia alete kile kiti kizito, asogeze blanketi chini ya magoti, apige magoti kando ya mzee na kumtajia hatua inayofuata, na mikono yake mwenyewe aifunge nyuma. Kumletea mzee kiti cha kuinukia kunahitaji subira kuliko kumletea cha kukalia, maana inabidi utazame akihangaika na usiseme "pole" kila mara.

Mahali pagumu kuliko hapa aibu hiyo imekwisha kuvunjwa. Korogocho, Nairobi, wanawake wazee wamekuwa wakikutana kujifunza kujilinda dhidi ya wabakaji, katika kikundi kinachojulikana kwa jina la Shosho Jikinge. Wanapiga ngumi, wanapiga teke, wanapiga mayowe, na baadhi yao wamevuka miaka 70. Hakuna anayewaambia, "Keti, shosho, pumzika." Sisi wa Kajiado tuna mikutano tele, kamati ya maji, chama, kikundi cha kanisa, foleni ya Inua Jamii kwa waliofika miaka 70, na kote huko kazi yetu ni kukaa. Zulia moja na stuli mbili imara zingetosha kuanza, kabla ya chai.

Kinachobaki kunisumbua ni mlango. Kaka yangu mkubwa anaishi Kitengela peke yake, katika nyumba ya aina ile niliyoieleza. Tumejifunza pamoja, na kusema kweli ananishinda, kwa sababu hana haraka. Lakini geti lake lina kufuli kwa ndani, grili ina kufuli lake, na mlango wa chumba una komeo juu kabisa, alikoliweka mwenyewe kwa ajili ya wezi. Siku akishindwa kuinuka na akafanikiwa kupiga simu, atakayekuja ataishia getini akiita. Binti yake yuko Nairobi, na foleni ya Barabara ya Mombasa haina huruma na mtu. Nilimwambia ampe mtu wa karibu ufunguo wa akiba. Tukapitia majina. Jirani wa kulia hamjui. Wa kushoto anamjua, na ndiyo sababu hampi. Mchungaji ana maneno mengi. Mimi nikapendekeza mama maziwa, anayebisha hodi kila asubuhi na ambaye angekuwa wa kwanza kugundua kwamba kuna jambo.

"Nampaje mtu ufunguo wa nyumba na hata kwao sikujui?"

"Yeye anajua saa unayoamka."

Alisema atafikiria. Juzi nilipompigia aliniambia amemwita fundi akalihamisha lile komeo la chumbani, sasa liko usawa wa goti, na amelijaribu akiwa amelala ubavu likafunguka. Nikamuuliza kuhusu ufunguo wa geti. Akasema mama maziwa amepandisha bei.